Nilivyopakiwa Mkokoteni na Halua Shavuni

Jamani, aibu hii nimeikimbia miaka, mtu akiianzisha kwenye shughuli mimi natoka nje najifanya naita mtoto, lakini naona kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (juzi nimesikia eti nilimwagiwa ndoo ya maji na nikavuliwa viatu, uongo mtupu, maji sikumwagiwa na kiatu kilidondoka chenyewe, tena kimoja) kwa hiyo afadhali niiseme kwa mdomo wangu, mcheke hapa hapa, tuyamalize.

Wakati ule nilikuwa na fremu ya khanga Kariakoo, ndogo, ukiingia na kikapu kikubwa mimi inabidi nitoke. Ilikuwa ile miaka biashara imefunguliwa, kila aliyeweza kwenda Dubai kaenda, kila aliyerudi karudi na makontena, na sisi tuliokulia kwenye foleni ya sukari, tuliokuwa tunadamkia duka la ushirika kwa ajili ya kilo moja ya watu saba, tukaamka siku moja tukakuta magunia ya sukari yamepangwa mpaka barabarani na hakuna anayeyagombania. Biskuti za kila aina, chokoleti, soda za kopo, jamu za machungwa. Wenzangu walishangaa wiki moja wakazoea. Mimi sikuzoea, mimi nilikula. Nilikuwa nalipiza ile foleni yote, chai yangu kijiko kilikuwa karibu kisimame chenyewe, na saa nne lazima maandazi, na saa kumi lazima kashata, na nikipita kwa muuza juisi ya miwa lazima anijazie mara mbili.

Mwili ukanijibu. Tumbo likawa linajaa gesi, uchovu usioisha, ulimi ukawa mweupe kama nimelamba unga, na kuwashwa kwingine sikutaji kwa sababu baadhi yenu ni wakwe zangu. Nikipewa dawa yanatulia, nikimaliza dozi yanarudi. Mwisho nikaenda kwa Daktari Nirmala, Mhindi, mzaliwa wa Kisutu, Kiswahili chake kinawashinda wengine humu ndani, alikuwa amefungua zahanati yake mtaa wa pili kutoka dukani kwangu. Akaniangalia ulimi, akanipima, akaniuliza ninakula nini kutwa nzima. Nikamtajia. Akaweka kalamu chini.

"Mama Rukia, hawa ni fangasi, wanaitwa kandida. Wanapenda sukari. Wewe huwaugui, wewe unawafuga."

"Basi nitaacha sukari ya chai."

"Ya chai, ya soda, asali, tende, matunda matamu, mkate, chapati, maandazi, chochote chenye hamira."

"Daktari, sasa hapo umenibakizia nini, sahani?"

Hakucheka. "Samaki, nyama, mayai, mchicha, bamia, nazi, kitunguu saumu. Miezi miwili. Dawa nitakupa, lakini ukirudia utamu, usije kunilaumu."

Nyie, mimi Ramadhani nafunga tangu nina miaka tisa, nilijua njaa tunajuana. Kumbe njaa ni kitu kingine na hamu ni kitu kingine! Njaa ukiipa bamia inanyamaza. Hamu ukiipa bamia inakutukana. Nilikuwa nasimama kwa mama muuza vitumbua namuuliza bei na bei naijua, ili tu ule mvuke unipitie puani. Nilitafuna karafuu mpaka fizi zikafa ganzi. Nikipita kwenye magunia ya sukari nageuza uso kama nimemwona mtu anayenidai. Lakini nilivumilia, na baada ya siku kadhaa nikaona kweli tumbo linapungua gesi, nikapata moyo.

Sasa tuje kwenye ujinga wenyewe. Fremu ya jirani ilikuwa ya Tatu, anauza vyombo, na mimi na Tatu tulikuwa tunakunywa chai pamoja saa nne kila siku ya Mungu, yeye analeta birika, mimi naleta maandazi. Siku ya kwanza ya mlo ule akanijia na birika lake, "Karibu chai, shoga," nami nikaganda. Nimwambie nina fangasi? Tatu ni mtu wangu lakini mdomo wake hauna komeo, ingefika Msimbazi kabla chai haijapoa. Nimwambie naumwa? Enzi zile mtu akianza kupungua na kukataa chakula watu hawasemi kitu, wanakuangalia tu, na ukipita wanashusha sauti, mnajua wanawaza ugonjwa gani. Nikafungua mdomo, nikasikia unasema, "Nimefunga."

Basi. Neno moja. Kwetu ukisema umefunga hakuna anayekubembeleza, hakuna anayekuuliza, unaheshimiwa na birika linarudi lilikotoka. Tatu akaniambia "Mungu akutakabalie," nikaitikia "Amin" (niliitikia kabisa, kwa sauti) na nikajiona mjanja kuliko Kariakoo nzima.

Kumbe nimejichimbia. Kwanza, mtu aliyefunga hali mchana, kwa hiyo hata ile bamia yangu halali ya daktari ikawa siwezi kuila mbele za watu. Nikawa nakimbilia Feri, nasema naenda kutafuta samaki wa kufuturia, kumbe nasimama kwa wakaanga samaki nakula changu kavu kavu huku nimejifunika ushungi kama mwizi wa kuku. Pili, na hili ndilo sikulifikiria, kwetu mtu akikuambia amefunga huachi kumpa, unamfungia. "Basi chukua ukafuturie." Tatu kanifungia maandazi. Muuza kashata kanifungia kashata. Wateja wananiletea kaimati, visheti, tende. Katika maisha yangu yote sijawahi kupewa vitamu kama kipindi nilichokatazwa vitamu! Navibeba kutwa, vinanukia, nafika nyumbani nawagawia watoto wa majirani huku machozi yananilenga.

Na siku zikawa zinakwenda. Mwanzo nilisema nalipa za Ramadhani. Tatu akaja kuniuliza, "Shoga, hizo za kulipa ulikula mwaka mzima?" nikasema zimekwisha, sasa ni sunna. Nikaanza kuitwa Bi Swaumu. Watu wakawa wananiletea watoto niwaombee mitihani. Wallahi.

Mwanangu Rukia ndiye aliyekuwa anajua kila kitu, maana ndiye aliyekuwa ananipikia hiyo mibamia. Na Rukia alikuwa na jambo lake. Alikuwa anapendana na Seif, fundi redio wa Magomeni, kijana mpole, shikamoo yake unaisikia kabla hujamwona, na kwao walishakuja kuulizia, bado tu kuleta posa rasmi. Mama yake Seif, Bi Mwanaidi, ni mtu wa ukoo wa zamani pale Magomeni, mrefu, sauti nzito, kanizidi umri kidogo, na kila alipokuja kunitembelea dukani alikuta nimefunga. Akikaribishwa soda anakunywa peke yake, ananiangalia, anashusha chupa.

Siku moja Rukia akanijia jikoni. "Mama, kwa kina Seif wanakutaja wewe tu. Eti mama mcha Mungu. Waambie ukweli."

"Ili waseme nini? Mama mkwe mwongo, tena ana fangasi? Nitawaambia ukishaolewa."

"Mama, mimi nampenda Seif. Tafadhali usiniharibie."

"Nani anaharibu? Hii swaumu yangu ndiyo inayokuoza!" Nikaamini hivyo kabisa. Niliona mtoto atapata mume kwa jina langu zuri, na jina lenyewe limesimama juu ya uongo, kwa hiyo uongo lazima usimame mpaka siku ya ndoa.

Basi ikafika Alhamisi moja, joto la Dar mnalijua, hata khanga zilikuwa zinatoka jasho. Asubuhi Seif akaja mbio. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Mama amenituma, hii halua imetoka Unguja, kasema ukafuturie." Akaniachia kikapu kidogo cha ukili, akaenda zake.

Jamani, halua ile! Nyeusi, inang'aa kwa samli, lozi zimejitokeza juu, iliki na hiliki zote zimo (najua ni kitu kimoja, lakini ilinukia mara mbili). Nikaifunika na khanga. Inanukia. Nikaiweka nyuma kwenye marobota. Inanukia. Nikatafuna karafuu. Karafuu nayo ikaanza kunukia halua. Saa sita nikasema, mimi nanusa tu, kunusa si kula. Nikapita nyuma ya khanga zilizoning'inia, nikachuchumaa, nikafunua. Kunusa kwa mbali hakutoshi, nikainama. Nikasema nitagusa kwa kidole, daktari hakukataza kugusa. Na kidole kikishagusa halua kifutwe wapi? Nikakilamba. Basi hapo shetani hakuwa na kazi tena, alikaa pembeni akaniangalia mimi mwenyewe nikimega pande la ukubwa wa yai na kulitia lote mdomoni.

Ndiyo kwanza meno yamezama, nasikia, "Hodi hapa! Assalaam alaykum!"

Bi Mwanaidi. Na wifi yake.

"Waalaykum salaam, karibuni," Tatu akawapokea. "Mama Rukia yuko nyuma hapo anapumzika, maskini, amefunga."

Nikavuta halua ishuke, haishuki. Mnaijua halua nzuri, haitafunwi kwa haraka, inashika. Imenishika juu, imenishika chini, taya hazifunguki. Nikaisukumia yote shavu la kushoto. Papo hapo khanga ikafunuliwa, na Bi Mwanaidi huyu hapa, amesimama juu yangu.

"Assalaam alaykum, Mama Rukia."

Sasa nisaidieni. Salamu hiyo haiachwi bila kujibiwa. Kwa mkwe mtarajiwa, mbele ya wifi yake, ukinyamaza umemtukana mpaka marehemu wake. Na nikifungua mdomo, halua hiyo. Akanisalimia mara ya pili, taratibu, amekunja uso. Mimi macho yamenitoka. Nikaona njia imebaki moja tu, nikayafumba, nikaanguka.

Nilikuwa nimelenga marobota, lakini nikayakosa, nikajishikiza kwenye kamba ya khanga, kamba ikakatika, doti zote zikanishukia kichwani. Tatu akapiga yowe. Kariakoo mnaijua, yowe moja linaleta watu wa mitaa mitatu.

"Nilisema mimi! Swaumu kila siku na joto hili!"

"Mpeni maji ya sukari!"

"Msimpe! Mtamfungulisha!"

"Mgonjwa anaruhusiwa kufungua!"

"Aseme mwenyewe basi kama anafungua!"

Wakaanza kubishana, na kila mmoja ana ushahidi wake, na mimi chini ya khanga nasikia kila neno na halua inaanza kuyeyuka. Sauti nzito ya Bi Mwanaidi ikakata maneno: "Swaumu ya watu hatuiharibu. Apelekwe kwa daktari, daktari ndiye atakayesema."

Nikasikia nanyanyuliwa. Mkokoteni uliokuwa unapita ndio uliosimamishwa, na ulikuwa na mzigo tayari, na mzigo wenyewe (msicheke bado) ulikuwa magunia ya sukari. Nikalazwa juu yake. Juu ya magunia ya sukari, mtu aliyekatazwa sukari, na sukari nyingine shavuni! Wakasukuma, "Pisha, pisha, mgonjwa!" na nyuma yetu msafara, Tatu analia, watu wanauliza nani kafa, na mwingine anajibu eti ni yule Bi Swaumu, swaumu imemchukua, na akina mama wanasema "Kifo gani kizuri hivyo." Kiatu kikadondoka, hakuna aliyerudi kukiokota. Mimi nameza mate matamu kidogo kidogo, koo lisionekane linapanda, na nisiwafiche, ilikuwa tamu. Aibu yote ile na bado ilikuwa tamu. Lakini katikati ya utamu nikakumbuka ni kwa daktari gani ninakopelekwa, na hapo ndipo nilipotaka kuzimia kweli.

Daktari Nirmala akanilaza kitandani, chumba kimejaa, dirishani vichwa tu. Akanipima mapigo, akanifunua jicho moja, nikamwona ananitazama. Akanibana taya. Nikagoma. Akanibana pua. Nani anayeweza kugoma hapo? Mdomo ukafunguka, akaingiza koleo lake, akavuta, likatoka pande lote na lozi yake, akaliweka kwenye bakuli la chuma, lo!

"Nyongo hiyo!" Tatu akalia. "Mwenzangu katapika nyongo!"

Bi Mwanaidi akasogea, akainama, akanusa. "Nyongo gani? Hii halua." Akanusa tena. "Hii halua yangu."

"Mama Rukia," daktari akasema, "fumbua macho. Sukari nimekukataza tangu lini? Unataka hao fangasi wako warudi tena?"

Halafu nikasikia dirishani mtu anawapasha walioko nyuma, "Halua! Kakutwa na halua! Ana fangasi!" na habari ikaondoka hivyo, mdomo kwa mdomo, mpaka ikakata kona.

Bi Mwanaidi akawatoa watu wote, hata wifi yake, hata Tatu. Daktari akajipa kazi ya kupanga dawa kabatini. Nikakaa kitako, nikamwambia yote, fangasi, mlo, birika la Tatu, Feri, yote. Nililia. Nikamwambia, "Dada, niadhibu mimi, mtoto hana kosa, mtoto alinikataza."

"Kwa hiyo hujafunga hata siku moja?"

"Hata moja."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akajifunika uso na ushungi, mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza. Kumbe anacheka! Mwanamke mzito yule alicheka mpaka kitanda cha zahanati kikalia.

"Mama Rukia," akasema akijifuta machozi, "unajua leo nilikuja kwako na wifi yangu kufanya nini? Nilikuja kukuambia lile jambo la watoto tulisogeze mbele. Kistaarabu, ndiyo maana nikaitanguliza halua. Tumekaa na mzee wangu tukaona hatutaweza. Mimi Ramadhani yenyewe naimaliza kwa kujikokota, mzee wangu ndiyo usiseme. Mtoto wa mama wa namna ile ataingia nyumba yetu atuhesabie madhambi? Kila nikitoka kwako najiona wa motoni. Seif ana siku tatu hali vizuri kwa ajili ya hilo."

Nikabaki mdomo wazi, safari hii mtupu. Kumbe ile swaumu niliyokuwa naishikilia kwa meno ili mtoto aolewe, ndiyo iliyokuwa inamkosesha mume! Ningemeza ile halua dakika moja mapema nikaitikia salamu vizuri, mwanangu angeachwa siku hiyo, na mimi nisingejua kwa nini.

"Lakini," Bi Mwanaidi akaacha kucheka, akaninyooshea kidole, "Mwenyezi Mungu si kichaka cha kujifichia. Hilo nenda ukatubie."

"Nitatubia, dada."

"Na posa tunaleta Jumapili."

Nilirudi dukani na kiatu kimoja, na jina nililonalo mpaka leo mnalijua, Mama Halua. Wa mitaani walinicheka wakachoka. Aliyeniumiza ni Tatu, siku nyingi birika anakunywa peke yake, mpaka nikamfuata. Akaniambia, "Mimi chai yangu ilikukosea nini mpaka unifiche? Mwili wako ukiwa na fangasi mimi napungukiwa nini?" Nilimwomba radhi. Na tangu hapo ndipo mlo ule ukawezekana (daktari alinianzisha upya, hakuhesabu hata siku moja ya nyuma), kwa sababu hamu ikinijia napiga kelele tu, "Tatu, imekuja!" naye anajibu kutoka kwenye mabeseni yake, "Ikalishe bamia!" na wateja wanacheka, na tukimaliza kucheka naona imekwisha nguvu. Muuza kashata akinipita ananiambia, "Wewe leo sikupi." Fangasi waliondoka, ulimi ukarudi mwekundu, na hata sasa utamu nakula kwa kiasi, tena nimekaa kitako mbele za watu.

Jumapili ile posa ililetwa. Ukumbi umejaa akina mama wa Magomeni, sinia za vitamu zimepangwa, naona macho yote yananisubiri. Bi Mwanaidi akaingia na bakuli lake mwenyewe, samaki wa kuchoma na mchuzi wa nazi, akaliweka mbele yangu, akasimama katikati, na kwa ile sauti yake akatangaza, "Huyu mkwe wangu hali sukari, ana fangasi, asije mtu akambembeleza!" Nikatamani ardhi ipasuke. Nikamwona Rukia pale mlangoni, kajiziba mdomo na upande wa khanga, machozi ya kucheka yanamtoka, na nuru aliyokuwa nayo usoni mtoto yule, basi nikanawa mikono nikala.

Nimeapa tangu siku hiyo: ukinikaribisha nikakataa, nitakuambia sababu, iwe tumbo, iwe ulimi, hata wakwe wakiwepo. Na nikikuambia nimefunga, ujue nimefunga.